Wasomaji Wanauliza: Wapi pa Kusimama Kutazama Ndege, Mikumi Hadi Mto Kilombero

Maswali ya toleo hili yote yanahusu barabara moja. Inachepuka Mikumi mjini kutoka barabara kuu ya Tanzania na Zambia, inapita Kidatu, Mang'ula na Ifakara, kisha inavuka Mto Kilombero kuelekea Lupiro na Mahenge. Ukishuka kutoka Mikumi, kulia kwako ni milima ya Udzungwa na kushoto ni miwa na mpunga. Mbele zaidi ni tindiga la Kilombero, ambalo tangu 2002 liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Wahariri, hamjambo? Natoka Morogoro na mke wangu na watoto wawili, tuna gari dogo la kawaida na siku mbili tu. Tusimame wapi? – Baba wa wawili, Kihonda

Hatujambo, ndugu. Kwa siku mbili chagua vituo vinne, kisha kila kimoja ukipe muda wa kutosha. Anayesimama mara kumi na tano kwa dakika tano huwaona yangeyange na kunguru, basi, kwa sababu ndege waliotimuliwa na mlango wa gari hurudi baada ya robo saa na wewe umeshaondoka.

Kipande cha barabara kuu kinachopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kina urefu wa kilomita 50 hivi, na hapo usishuke garini. Fuata vibao vya mwendo. Anayegonga mnyama hutozwa faini, na kila mnyama ana kiwango chake. Simama kwanza Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Egesha kabla ya daraja, nje kabisa ya mstari mweupe, washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma ya gari, na uwashushe watoto kwa mlango wa upande wa porini. Msimu wa kuvuna miwa, matrekta yanavuta matela marefu yaliyojaa na hayawezi kukata breki ghafla. Tazama mawe na kingo za mto: mdiria, mnandi, korongo, na kitwitwi mkubwa mwenye ndevu za njano zinazoning'inia pande zote mbili za mdomo. Daraja na mitambo ya umeme usivipige picha.

Kutoka Kidatu hadi Mang'ula si mbali. Laleni Mang'ula. Wengi hulala Mikumi kwa kuwa nyumba za wageni ni nyingi, halafu wanafika mtoni Ifakara saa 4 asubuhi, jua limeshapanda na ndege wameshanyamaza. Jioni ya siku ya kwanza ingieni Hifadhi ya Milima ya Udzungwa kwa njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwenda na kurudi, na watoto wanaumudu. Ndani ya hifadhi hiyo hakuna barabara ya gari hata moja. Kila kitu ni kwa miguu. Ukisikia kama mtoto analia juu ya miti, huyo ni hondohondo. Chini, kwenye majani makavu, sikilizeni mikwaruzo: ni kororo, kanga wa msituni mwenye kishungi cheusi, wakichakura kwa kundi. Mbega mwekundu wa Udzungwa mtamwona bila kumtafuta.

Siku ya pili ondokeni saa 11 alfajiri. Hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 40, na mkiwa darajani saa 12 na nusu mtapata saa mbili na nusu nzuri kuliko zote za safari. Mashamba ya mpunga kati ya Kiberege na Ifakara yaachieni wakati wa kurudi. Korongo na yangeyange hawajali jua la saa 5.

Kwera wa Kilombero ndiye ninayemtaka. Nimeshapita pale darajani mara kadhaa nikaona kwera wa njano wengi, lakini sijui kama ni yeye. Nitamtambuaje? – Msomaji, Dodoma

Swali zuri, maana huyu ndiye anayewafanya watu wasafiri kutoka ng'ambo hadi Ifakara. Anapatikana bonde hili tu, duniani kote. Alielezwa kisayansi mwaka 1990 na Neil na Elizabeth Baker, akapewa jina Ploceus burnieri, na leo yuko kwenye kundi la ndege walio hatarini kwa sababu makazi yake ni ukanda mwembamba wa matete kando ya mto na mabwawa yake. Ukanda huo ndio unaofyekwa na kuchomwa moto kwa ajili ya mashamba na malisho.

Anza na mahali, rangi baadaye. Kwera aliye juu ya mnazi au mwembe mjini Ifakara si yeye. Wa mjini kwa kawaida ni kwera wa kijijini mwenye kichwa cheusi na mgongo wenye madoa. Wa Kilombero hufuma viota vyake kwenye matete na majani marefu yanayosimama majini au ukingoni kabisa. Sasa tazama kichwa cha dume. Weusi unafunika uso na koo kama barakoa, na utosi unabaki wa njano. Ukiona weusi umepanda hadi mbele ya utosi na jicho ni jeupe lenye unjano, huyo ni kwera barakoa mdogo. Ukiona kichwa chote cheusi hadi kisogoni, ni mwingine tena. Jike usihangaike naye peke yake. Subiri umwone akiingia kwenye kiota kinacholindwa na dume uliyeshamtambua.

Kosa la kawaida ni kumtafuta ukiwa umesimama katikati ya daraja. Hapo uko juu sana, malori yanalitikisa daraja, na huruhusiwi kusimamisha gari. Daraja la Magufuli, lililofunguliwa 2018 na lenye urefu wa mita 384, lilichukua kazi ya kivuko, na wavuvi wa kando ya mto bado wana mitumbwi yao. Egesha upande wa Ifakara, salimia watu, omba ruhusa, kisha tembea ukingoni pamoja na mwenyeji. Asubuhi tazama upande mto unakotoka, yaani magharibi, ili jua liwe mgongoni mwako. Ukitazama mashariki saa hiyo, kila kwera ni kivuli cheusi na barakoa haina maana.

Mwenyeji akikupeleka kwa mtumbwi, elewaneni bei na muda kabla hujaingia, na usipande bila jaketi la kuokolea maisha. Viboko na mamba wapo. Mwenye mtumbwi akisema hapa hatupiti, usimbembeleze. Kiboko akikuta chombo kiko kati yake na maji ya kina hukishambulia. Simameni mita 15 au zaidi kutoka kwenye viota. Dume akiacha kufuma, akainua kichwa na kupiga kelele mfululizo, mmeshasogea mno.

Ukiwa hapo hapo, funga macho kidogo usikilize. Kwenye matete na nyasi hizo wamo sistikola wawili wa bonde hili tu, ndege wadogo wa kahawia ambao kwa miongo kadhaa walijulikana bila kuwa na jina rasmi. Walipewa majina mwaka 2021: wa Kilombero ni Cisticola bakerorum, na mwenye mkia mweupe ni Cisticola anderseni. Kwa macho wanachanganya hata wazoefu, kwa sababu sistikola wengine wa kawaida wanaishi mle mle. Rekodi sauti kwa simu: ielekeze kwa ndege, uipe upepo mgongo, kaa kimya sekunde 30, kisha mwishoni taja kwa sauti tarehe, saa na mahali. Rekodi ya namna hiyo inaweza kuhakikiwa na mtu mwingine. Lakini usimpigie ndege sauti yake kwenye spika ili atoke. Anaacha kulisha na kulinda eneo lake kwa ajili ya mpinzani asiyekuwepo, na pale darajani wageni hufuatana.

Niende mwezi gani? – Mama Neema, Iringa

Mama, inategemea unamtaka nani, maana mto wa Februari na mto wa Septemba ni mito miwili tofauti. Juni hadi Oktoba maji yanapungua na mafungu ya mchanga yanatokeza. Huo ndio wakati wa ndege mlima-maji, yule mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mwenye mdomo mwekundu wenye ncha ya njano, taya la chini likiwa refu kuliko la juu. Alfajiri na jioni huruka chini chini taya limezama, na likigusa samaki mdomo unajifunga. Mchana hulala mchangani kwa kundi, vichwa vyote vimeelekea upepo. Hutaga moja kwa moja juu ya mchanga, kwa hiyo mtumbwi usitue kwenye fungu lenye ndege. Mzazi akiondoka adhuhuri, mchanga wenye joto unaua yai kwa muda mfupi. Kaeni mita 100.

Novemba na Desemba mvua zinaanza, wageni wa kutoka Ulaya na Asia wameshafika, majani ni mafupi bado na barabara inapitika. Wengi wetu tungechagua hapo. Madume wa kweche wanaanza kuvaa wekundu na weusi wao kwenye mpunga. Machi hadi Mei tindiga linafurika, ndege wanatawanyika juu ya eneo kubwa, na barabara za udongo zaidi ya Lupiro hufanya utelezi ambao gari dogo haliwezi. Ukibaki kwenye lami na kwenye msitu wa Mang'ula utapata cha kutazama, ila njia za milimani huteleza na ruba wapo.

Darubini yangu ni ya 10x42. Kila nikishuka garini inaingia ukungu na dakika kumi nzima sioni kitu. Mbovu? – Fundi wa redio, Mbeya

Si mbovu, kama ukungu uko nje ya lenzi. Umeendesha saa mbili ukiwa na kiyoyozi, kioo kimepoa, kisha umekitoa kwenye hewa ya bondeni ambayo ni ya joto na imejaa unyevu. Mvuke unageuka matone juu ya kioo baridi papo hapo. Ukifuta, unarudi, kwa sababu kioo bado kiko baridi. Dawa ni kuzima kiyoyozi na kufungua madirisha dakika 15 kabla ya kituo, darubini ikiwa nje ya mkoba. Ukungu ukiwa ndani, kati ya lenzi, na hauondoki juani, hapo mpira wa kuzuia unyevu umekufa na kuvu itaota. Peleka kwa fundi wa vifaa vya macho kabla haijala rangi ya lenzi.

Kuhusu namba: 10 ni mara ya kukuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 10, mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 4.2. Ya 8x42 inatoa 5.25. Tofauti hiyo huioni saa 4 asubuhi, lakini chini ya miti ya Mang'ula saa 12 jioni utaiona wazi, na mtetemo wa mikono nao unakuwa mdogo. Kwa mtu anayenunua moja tu kwa njia hii, achukue 8x42. Ya 10 ina faida yake kwenye mafungu ya mchanga ya mbali, ukiwa na pa kuiegemeza.

Pa kuegemeza ni rahisi: mfuko wa kitambaa kigumu, tia maharage kilo moja na nusu, shona mdomo, uweke juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu. Zima injini, kwa kuwa mtetemo wake unaharibu picha zaidi ya mkono. Kuanzia saa 4 hivi mazigazi yanaanza kucheza juu ya mchanga na mpunga, na hapo hakuna darubini ya bei yoyote itakayosaidia. Sogea karibu au hamia msituni.

Nitakuja kutoka Nairobi Desemba. Naweza kumwona kwale wa msituni wa Udzungwa na yule chozi wa Mwanihana kwa kusimama barabarani? – Dada msomaji, Nairobi

Hapana, dada, na ni vema ujue kabla hujakata tiketi. Kwale wa Udzungwa, aliyegunduliwa 1991, anaishi misitu ya juu, mbali na barabara hii. Chozi mwenye mabawa mekundu alielezwa miaka ya 1980 kutoka msitu wa Mwanihana, ambao unauona kwa macho ukiwa Sanje, lakini yeye yuko juu ya mteremko. Safari ya kilele cha Mwanihana ni kilomita 38, siku tatu, na kulala porini usiku mbili pamoja na mwongoza njia na askari. Ipange na ofisi ya hifadhi Mang'ula wiki kadhaa kabla.

Ukiwa na nusu siku tu, panda maporomoko ya Sanje, ambayo kwa jumla yana urefu wa mita 170. Anza asubuhi na mapema, maana njia ni ya kupanda na joto la bondeni linachosha kabla ya saa 5. Kibali unachukua Mang'ula kwanza, ndipo unarudi Sanje, kilomita kama 10. Wengi hufika Sanje moja kwa moja kutoka Kidatu wakarudishwa, na saa yao nzuri imekwisha.

Nafundisha sekondari Kilosa. Nataka kuleta wanafunzi 36. Wafanye nini hasa, wasije wakatalii tu? – Mwalimu wa biolojia

Mwalimu, wape kazi ya kuhesabu. Gawa makundi sita ya watu sita, kila kundi darubini moja. Mmoja anatazama, wawili wanahesabu, mmoja anaandika, mmoja anashika saa, mmoja anakadiria umbali, na kila baada ya hesabu wanabadilishana. Hesabu moja ni dakika 10, ndani ya mita 50 kuzunguka waliposimama. Kabla ya kuanza wakae kimya dakika mbili ili ndege watulie. Karatasi iwe na safu za saa, aina, idadi, umbali, na alikuwa anafanya nini. Safu hiyo ya mwisho usiiache. Ndiyo inayoonyesha kwamba yangeyange anafuata jembe na korongo domo-wazi anatafuta konokono.

Pa kufanyia ni kwenye mpunga karibu na Signali au Kiberege, sehemu tatu: shamba lenye maji, lililovunwa, na ukingo wa mfereji. Hesabu huharibika yangeyange wanaporuka kutoka shamba moja hadi jingine na kuhesabiwa mara mbili. Weka kanuni kwamba waliotua wanahesabiwa, wanaopita angani wanaandikwa pembeni. Na kabla ya basi kusimama, pita ofisi ya kijiji. Watu wenye darubini na karatasi wanaotembea kwenye matuta huonekana kama wapima ardhi, na hofu hiyo ina sababu zake bondeni hapa. Vijana wanaoamia ndege mashambani wasalimieni na muwasikilize. Wanajua saa kwelea wanashuka na wanalala tindiga gani.

Kwa Udzungwa, andika barua ya shule mapema. Malipo hayapokelewi taslimu, na ada ya mwongoza njia ni mbali na kiingilio.

Shikamooni wakubwa. Mimi naendesha bodaboda Ifakara, wageni wananiomba niwapeleke kwa ndege pale mtoni. Nifanye nini niwe mwongozaji wa kweli? – Kijana wa Ifakara

Marahaba, kijana. Una jambo ambalo mgeni hawezi kununua: uko pale kila siku. Nunua daftari. Kila ukipita mtoni andika tarehe, kimo cha maji ukikilinganisha na nguzo ileile ya daraja, na kundi la viota liko wapi. Baada ya msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi utamwambia mgeni wa Novemba mahali pa kwenda bila kubahatisha.

Anza na aina 40 za kawaida, uzijue kwa sauti kabla ya hao wawili watatu maarufu. Mgeni atakuuliza kuhusu furukombe, keremkerem na mdiria mara kumi kabla ya kuuliza sistikola. Jifunze dudumizi wawili: yule wa kawaida, na mkubwa mwenye mkia wa rangi ya shaba anayekaa tindigani. Mlio wake ni mzito zaidi, na wageni wengi wanamtaka.

Upate jaketi mbili za kuokolea maisha za kwako mwenyewe. Elewana na mwenye mtumbwi mmoja au wawili mnaoaminiana, bei iandikwe, mgeni ailipe mbele yenu wote. Ugomvi mwingi pale kingoni unatokana na bei iliyotajwa na mtu wa tatu. Fahamu mipaka pia. Tangu 2023 sehemu kubwa ya tindiga ni Pori la Akiba la Kilombero, na kuingia humo kunahitaji kibali cha TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Kando ya barabara na daraja ni jambo jingine, lakini safari ya mtumbwi ya kwenda ndani uliza ofisi yao kwanza, na umwambie mgeni asirushe droni bila kibali.

Mwisho, mwelekeze mgeni mavazi siku moja kabla. Bluu iliyokolea na nyeusi huvuta mbung'o. Kaki na kijani kilichofifia ni nafuu. Mikono mirefu jioni na kulala ndani ya chandarua, kwa sababu malaria ya bondeni haina msimu wa likizo. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu kwa asubuhi moja. Na ndege mliowaona watumwe kwenye eBird, tovuti ya kuandika ndege walioonekana, au kwa Atlasi ya Ndege ya Tanzania siku hiyohiyo, jina la mahali likiandikwa kamili: "Mto Kilombero, daraja la Ifakara, ukingo wa kaskazini", maana "Ifakara" peke yake haimwambii mtu kama kwera wako alikuwa kwenye matete au kwenye mwembe wa stendi.